Kila Moduli na Muda Wake

Anayetumia i3, programu ya Linux inayopanga madirisha kama vigae sakafuni ili yasilaliane, hupata nafasi ambayo wengi hawaijui: kuujenga upau wa hali kwa mkono wake mwenyewe. Nimeangalia pau nyingi za watu, na rangi si kitu kinachonionyesha fundi. Namtambua kwa jambo dogo zaidi: anajua kila moduli, yaani kila kipande cha upau kama saa au betri, iulize habari mara ngapi.

Chukua Polybar, programu ya kuujengea upau huo. Kazi yote imo katika faili moja la maandishi. Mistari mitatu hutaja moduli za kushoto, za katikati na za kulia, kisha kila moduli ina sehemu yake yenye aina, rangi na maneno ya kuonyesha. Ukifuta jina moja kwenye mstari, moduli hiyo huondoka na jirani zake hubaki salama. Hata fonti ya alama unaweza kuishusha pikseli moja ili picha ya betri ikae sawa na namba iliyo kando yake.

Ufundi wenyewe uko kwenye muda. Kazi ya prosesa hupimwa kwa kulinganisha hesabu mbili ambazo keneli, kiini cha Linux, huziandika katika /proc/stat. Ukizisogeza karibu mno, namba hurukaruka na kulivuta jicho bure. Ukizitenga mno, unasoma habari iliyokwisha kupita. Betri hushuka taratibu, basi nayo iulize taratibu. Nafasi za kazi, yaani makundi ya madirisha unayohama kati yake, haziulizi kabisa: i3 hupeleka taarifa kwa upau mara tu unapohama, na upau hubadilika papo hapo. Kazi ya fundi ni kupambanua kipi kiulizwe na kipi kisubiriwe kiseme chenyewe.

Saa ndiyo moduli niipendayo kuliko zote. Kwanza niliiondolea sekunde, na kona ile ya skrini ikatulia. Halafu nikaona tatizo jingine: kompyuta huandika 07:00 wakati ulimi wangu unasema saa moja. Polybar haina moduli ya saa za Kiswahili, lakini ina mlango wa moduli za kujitungia. Unaipa amri, nayo huonyesha kile amri hiyo inachorudisha. Nikaiambia amri ya date itumie ukanda wa saa ulio nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 6, na ihesabu kwa mzunguko wa saa 12. Ikatokea 01:00. Alfajiri, saa kumi na mbili kamili, husomeka 12:00, na adhuhuri 06:00. Ni mstari mmoja tu wa maandishi, na upau ukaanza kuhesabu siku kama tunavyoihesabu nyumbani.

Ukitaka kujaribu, anza na moduli tatu: nafasi za kazi, betri na saa. Ishi nazo wiki nzima. Ya nne iongeze siku utakayoitafuta kwa jicho na kuikosa, na kabla hujaichagulia rangi, amua kwanza itauliza mara ngapi.