Kofia Isiyonywea

Maandishi ya maelekezo hayana "labda". Anza mishono arobaini, geuza, rudia, punguza. Msomaji hutii. Ndiyo maana swali la kwanza la mhakiki hapa ni lile tunaloiuliza riwaya: anayesemeshwa ni nani?

Chukua maelekezo ya kofia ndogo ya pambo, ya aina inayozunguka mtandaoni kwa Kiingereza. Unafuma kofia kubwa, legevu, ya sufu. Kisha unaitia kwenye mashine ya kufulia, maji ya moto. Unyuzi wa sufu una magamba madogo sana. Joto, sabuni na msuguano huyafanya yang'ang'aniane yasiachiane tena. Kofia inanywea, inakuwa nzito, mishono inapotea. Kama maandishi, ni mazuri: yanamfundisha msomaji subira, na mwisho wake unashangaza.

Sasa yasome ukiwa Mpanda. Uzi wa bei nafuu unaofika madukani ni wa akriliki, na akriliki haina magamba. Isugue kwenye beseni mpaka vidole vichubuke, kofia itatoka na ukubwa uleule. Mwandishi hakukosea. Hakukufikiria tu.

Ajabu ni kwamba matokeo ya ufundi huu tumeyaona zamani. Tarbushi ya Tunisia huzaliwa hivyohivyo: wanawake hufuma kofia pana ya sufu, kisha inasuguliwa kwa sabuni na maji ya moto hadi inywee, inachanwa, inatiwa rangi nyekundu. Afrika Mashariki tuliiona tarbushi vichwani mwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililotuachia neno "keya". Aliyeiona ikija na bunduki hakuwa na sababu ya kuuliza ilifumwaje. Kofia ilifika, maelezo ya kuitengeneza hayakufika.

Mfumaji wa Mpanda hakuyasubiri. Anafuma kofia za watoto wachanga, zinazouzwa pamoja na sweta na soksi, akihesabu mishono kimoyomoyo. Wapo wanaozicheka: kofia ya uzi kwenye joto la Katavi? Lakini mtoto mchanga hupoteza joto haraka, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake. Kofia hiyo ni vazi na ni tiba. Kile kishada cha nyuzi kilichoshonewa utosini, ndicho pambo. Hakimpi mtoto joto lolote. Hapo ndipo mfumaji anapochagua rangi mwenyewe, na hapo ndipo mhakiki anapopaswa kusimama.

Hatusimami. Tunasema "kazi ya mikono", kana kwamba mikono ilihesabu yenyewe. Tunamsifu kwa kipaji, kisha tunabishana naye bei. Mwenye maelekezo ya Kiingereza ana jina juu ya ukurasa, na mara nyingi huuza ukurasa huo. Yeye anauza kofia tu. Hesabu anaitoa bure kwa yeyote anayekaa karibu naye, na siku macho yake yatakapochoka, itapotea.

Kwa hiyo asiletewe sufu kwanza. Aletewe mtu mwenye daftari, anayejua Kiswahili cha beseni na akriliki, atakayeandika hatua zake moja moja na kuweka jina lake juu. Kazi hiyo ni ya fasihi, na sisi tunaosoma gazeti hili tunaiweza.