Bomba la Sinki Halichaguliwi kwa Macho

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo, mabomba ya sinki hutundikwa ukutani yakimeta, na wanunuzi wengi huchagua lile linalometa zaidi. Mng'aro ndio uwe wa mwisho kutazamwa. Kromu ni ngozi nyembamba, hukubali kupakwa hata juu ya plastiki.

Kwanza lishike. Bomba la brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, ni zito. La aloi ya zinki hulikaribia kwa uzito, kwa hiyo mkono peke yake unaweza kudanganywa. Ligeuze, utazame hesi za chini na ndani ya tundu, ambako kromu haifiki vizuri. Brasi ni ya manjano, zinki ni ya kijivu. Kwa anayetumia maji ya kisima ya pwani, yenye chumvi, tofauti hiyo ni kubwa: zinki huliwa upesi, na kitako hukatikia ndani ya sinki.

Kisha zungusha mpini polepole. Mabomba mengi ya sasa yana katriji yenye visahani viwili vya kauri vilivyosuguliwa hadi vikalaliana bila mwanya. Katriji nzuri huteleza kwa uzito uleule toka mwanzo hadi mwisho, haikwami wala haichezi. Bomba la kizamani, la kuzungusha mara kadhaa hadi washa ya mpira ikandamize, mimi silidharau. Washa ni ya bei ndogo na fundi yeyote anaibadilisha.

Sasa msukumo wa maji, jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa. Kila mita moja ya kimo cha tangi hukupa takriban baa 0.1. Tangi likiwa mita 3 juu ya bomba, una baa 0.3 tu, ilhali miksa nyingi za kigeni, yaani mabomba ya kuchanganya maji ya moto na baridi, zimeandikwa kwenye boksi kuwa zinataka angalau baa 0.5 au 1. Ukifunga bomba la namna hiyo, utasubiri sufuria ijae huku mchele umeshachambuliwa. Soma boksi kabla ya kulipa. Na kama jikoni kwako hakuna maji ya moto, miksa ya nini? Chukua la njia moja, la baridi, na fedha iliyobaki inunue brasi nzito zaidi.

Chujio la mdomoni lifunguke kwa mkono, maana maji yakirudi baada ya mgao huja na mchanga. Shingo nayo ifike katikati ya sinki, na ndoo yako iingie chini yake.

Fundi naye hupimwa. Anayejua huachia maji yamwagike kwanza kwenye ndoo, asafishe njia, ndipo afunge. Akiishika kromu kwa spana malaya bila kitambaa, mzuie. Akizungushia tepu kwenye nati ya fleksibo ambayo tayari ina mpira ndani, ujue anabahatisha, kwa sababu pale kinachozuia maji ni mpira.

Kabla hujatoa hela, muulize muuzaji kama ana katriji ya akiba ya bomba hilohilo. Akisema hana na hajui inapopatikana, mrudishie bomba lake.