Mtu wa Kizimba cha Chuma

Katika Safari ya Msafiri, kitabu alichokitoa John Bunyan mwaka 1678, wengi wetu huogopeshwa na Ujinga, yule aliyetupwa jehanamu akiwa amekwisha fika mlangoni pa Mji wa Mbinguni. Lakini huyo si ushahidi kwamba mwamini aweza kupoteza wokovu. Ujinga hakuingia kwa mlango mwembamba, wala msalabani hakupita. Hakupoteza kitu, maana hakuwa nacho.

Mgumu ni yule mfungwa wa kizimba cha chuma nyumbani kwa Mfasiri. Zamani watu walimwona kuwa mcha Mungu (naye alijiona hivyo), kisha akaacha kukesha. Mkristo anapomkumbusha huruma za Mwana wa Mungu, yeye hujibu kwa Waebrania 6: amemsulubisha mara ya pili. Mfasiri hana neno kwake. Anamgeukia Mkristo tu, amwonye.

Hapo twamlaumu Bunyan. Katika kitabu chake cha mwaka 1666 asimulia jinsi yeye mwenyewe alivyodhani kwa muda mrefu kwamba amemuuza Kristo, kama Esau na urithi wake, na hata hivyo akapata amani. Mbona mfungwa hakuambiwa hayo? Waebrania 6 yawaonya waliolegea, na katika mstari wa 9 mwandishi atazamia mema kwao. Sisi, kabla ya kukiri kwamba kizimba hakifunguki, tungemjaribia ule ufunguo uitwao Ahadi, ambao Mkristo aliukuta kifuani mwake katika ngome ya Jitu Kukata Tamaa.