Kibodi ya Dvorak na Viambishi Vyetu

Mpango wa herufi ambao August Dvorak na William Dealey walipewa hataza yake Marekani mwaka 1936 umesifiwa mno. Kweli, irabu zote tano zimo katika safu ya kati, mkono wa kushoto, vidole vinapopumzika. Na Kiswahili, ambacho silabi zake nyingi huishia kwa irabu, kingetazamiwa kufaidi. Lakini ulitungwa kwa ajili ya Kiingereza. K, U na I zimetwikwa kidole kimoja, cha shahada cha kushoto. Basi ku- na ki-, viambishi tuvitumiavyo kila mara, vyakichosha: katika neno "kukumbuka" hugonga mara sita! Heri K ibadilishane nafasi na D, jambo ambalo kompyuta za leo huruhusu. "Ndugu" na "ndizi" zitaumia kidogo; tuzivumilie.