Msafiri Aliyebeba Nyumba Yake

Katika mwaka wa 1960 John Steinbeck aliizunguka Marekani kwa gari lililobeba nyumba ndogo, yeye na mbwa wake. Kitabu chake, Travels with Charley, kilitoka mwaka 1962. Kitanda anacho, jiko analo. Popote alalapo hana haja ya mwenyeji, bali yeye ndiye awakaribishaye watu kwa kahawa. Alipofika Yellowstone mbwa aliwabwekea dubu kwa hasira, naye akageuza gari akatoka. Kisa kinachekesha, lakini nchi ile imebaki mandhari tu.

N. Scott Momaday, katika The Way to Rainy Mountain (1969), aliipita Yellowstone hiyo hiyo akifuata njia ya wazee wake Wakiowa mpaka Oklahoma, kwenye kaburi la bibi yake. Kwake nyika ina wenyewe. Aeleza habari za Ngoma ya Jua, sikukuu kuu ya kabila, iliyochezwa mara ya mwisho mwaka 1887. Mwaka 1890 askari waliizuia. Habari hizo alizipokea kwa wazee.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni aliyejitosheleza habishi hodi, na asiyebisha hodi hasimuliwi.