Sinema Bubu na Macho ya Voi

Mwaka 1896 kazi ya kutandika reli ya Uganda ilianza Mombasa. Mwanzoni mwa mwaka huohuo, kule Ufaransa, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walikuwa wakiwaonyesha watu garimoshi likiingia stesheni ya La Ciotat. Reli yetu na sinema ni rika moja, na sisi wa Voi, ambao mji wetu ulikua kandokando ya reli, tuna sababu ya kuitazama filamu ile kwa jicho la mwenyeji.

Haifiki dakika moja. Kamera imesimama ukingoni mwa jukwaa la stesheni na haisogei hata kidogo. Mpagazi anapita na mkokoteni wake. Kwa mbali inatokea nukta nyeusi, nukta inakuwa injini, injini inapita ubavuni mwetu, kisha milango inafunguka na abiria wanamwagika. Baadhi yao wanaitupia kamera jicho, halafu wanajifanya hawakuiona. Basi, imekwisha. Husimuliwa kwamba watazamaji wa kwanza waliruka vitini wakakimbia, lakini wanahistoria wamelitafuta tukio hilo kwenye magazeti ya enzi zile bila kulipata. Mimi silihitaji. Kinachonivuta ni pale Louis alipoiweka kamera. Angeielekeza kwenye ubavu wa garimoshi, tungeona mabehewa yakipita tu. Aliisogeza karibu na reli, akaigeuzia kule garimoshi linakotokea, na kitambaa bapa cha sinema kikapata umbali. Yeyote aliyewahi kumpokea mgeni katika stesheni ya zamani ya Voi anajua kuwa hapo ndipo pa kusimama.

Georges Méliès wa Paris alikuwa mfanya mazingaombwe, na hila zake akazihamishia kwenye filamu. Alisimamisha kamera, akamwondoa mtu, akaendelea kupiga: mtu katoweka. Mwaka 1902 aliwapeleka wataalamu wake wenye ndevu mwezini, chombo kikatua ndani ya jicho la mwezi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Ufaransa liliyeyusha mamia ya nakala za filamu zake, na malighafi ikatengenezewa visigino vya viatu. Ndiyo miaka ileile ambayo huku kwetu reli ya kijeshi ilisukumwa kutoka Voi kwenda Maktau na Taveta, na Februari 1916 askari wakaanguka katika kilima cha Salaita. Nikipita penye makaburi ya vita hapa Voi humkumbuka pia Méliès, ambaye baadaye aliuza vitu vya kuchezea watoto katika stesheni ya Montparnasse.

Lakini ufundi wenyewe wa kuisoma picha bila maneno sikuujulia kwenye vitabu. Utotoni mwangu sinema ilikuwa kibanda cha video: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, televisheni juu ya kabati, joto la Voi lote limejifungia humo. Filamu zilitoka Hong Kong na India. Hakuna aliyejua Kichina, na maandishi ya Kiingereza chini ya picha yalipita kabla wengi wetu hatujamaliza neno la kwanza. Mbaya tulimtambua kwa namna alivyoingia chumbani. Mapenzi tuliyajua kwa mkono uliochelewa kuachia mkono mwingine. Siku spika ilipokufa katikati ya filamu hakuna aliyedai kurudishiwa pesa. Kijana mmoja wa benchi la mbele alianza kuwasemea wahusika, na ikawa filamu tamu kuliko ile ya mwanzo. Tulikuwa watazamaji wa sinema bubu hata pale filamu ilipojaa kelele.

Na sinema bubu yenyewe haikuwa kimya. Palikuwa na mpiga piano, na sehemu nyingi palikuwa na msimulizi aliyesimama kando ya kitambaa akieleza. Ulaya kazi hiyo ilikufa mapema. Afrika Mashariki iliizaa upya: Lufufu kule Dar es Salaam, VJ Jingo kule Kampala, na kwetu DJ Afro, ambaye sauti yake imesikika katika vibanda vya nchi nzima na ndani ya matatu za masafa marefu. Wapo wanaowadharau. Mimi nawaona warithi halali, kwa sababu wanafanya kazi yao pale picha inapowaachia nafasi, na picha inayoacha nafasi ndiyo iliyotungwa vizuri.

Hili watawala wa kikoloni hawakulielewa. Ng'ambo ya mpaka, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi mmoja ulitengeneza filamu zipatazo 35 kati ya 1935 na 1937, za kodi, minyoo, benki ya posta na mengineyo, sauti yake ikitoka kwenye sahani za santuri. Katika miaka hiyo na iliyofuata, maofisa wengi waliotuandalia filamu walishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata mkato wa haraka wala hila za kamera, basi aonyeshwe mambo polepole, moja baada ya jingine. Laiti wangeingia kibandani kwetu.

Filamu ambayo ningetamani Taita Taveta yote iione ni ya Mjerumani F. W. Murnau, *Der letzte Mann*, ya 1924. Inamhusu bawabu mzee wa hoteli kubwa, mwenye koti refu la vifungo vinavyong'aa. Mtaani kwake, mtaa wa watu wa kipato cha chini, koti hilo linampa heshima ya jenerali. Siku moja meneja anamwona akitweta baada ya kubeba sanduku zito, anamshusha cheo, anampeleka kuhudumu chooni. Tazameni anavyovuliwa koti: Emil Jannings hapigi kelele, mgongo wake tu unainama, na mtu mwingine mzee zaidi anabaki amesimama pale. Usiku anaiba koti lake mwenyewe ili avae kwenye harusi ya nyumbani. Kesho yake analiacha stesheni, mahali pa kuhifadhi mizigo, asije akaonekana nalo kazini.

Katika nchi ya lango la Tsavo, ambako vijana wetu wengi wanavaa sare za lodji na kurudi nazo katika mitaa ya Sofia na Kaloleni jioni, nani atahitaji kuelezwa hadithi hiyo? Mpiga picha Karl Freund alijifunga kamera mwilini ili picha itembee na kuyumba pamoja na binadamu. Kila mpiga video wa harusi Mwatate au Wundanyi anayemfuata bibi harusi akizunguka katikati ya wachezaji anatumia alichothubutu kukifanya Freund.

Maandishi ya msimulizi yanatokea mara moja tu katika filamu nzima, karibu na mwisho, kutangaza kuwa mtunzi amemhurumia mzee na kumpa bahati isiyotarajiwa: urithi wa milionea. Aibu, mapenzi ya nyumbani, majirani wanaocheka, yote Murnau aliyapitisha kwa macho. Alipotaka tuamini lisiloaminika, ndipo akahitaji herufi.

Filamu nyingi za enzi hizo leo zinapatikana bure mtandaoni, na projekta si kitu cha ajabu tena. Ningeanza na watoto, niwaonyeshe vivuli ambavyo Lotte Reiniger alivikata kwa mkasi kutengeneza *Prince Achmed* ya 1926, hadithi iliyotoka katika Alfu Lela Ulela, ambayo bibi na babu zetu wa pwani waliijua bila kitambaa. Watoto wakishalala, tuweke Murnau ukutani, na msimulizi mmoja hodari wa Kidawida akae karibu na spika. Kuhusu ule urithi, nawaachia vijana wa lodji na mama zao wabishane. Mimi nimeshachagua upande, na ningeizima projekta pale chooni.