Koti juu ya Sare: Tafakari juu ya Mchezo wa "Papa Shirandula"

Mchungaji anayefundisha kwamba kazi ni wito hana budi kujua waumini wake wamekwisha kusikia nini kuhusu kazi kabla hajapanda mimbarani. Mengi wameyapata katika michezo ya kuchekesha. Mmojawapo uliopendwa sana ni "Papa Shirandula", mchezo wa familia ulioanza kuoneshwa na Citizen TV ya Kenya mwaka 2007. Mhusika wake mkuu aliigizwa na Charles Bukeko, aliyefariki dunia Julai 2020.

Kisa chenyewe ni chepesi. Papa Shirandula ni mlinzi wa getini jijini Nairobi, lakini mkewe, Wilbroda, anaamini kwamba mumewe ni mtu wa ofisini. Basi mzee huyu hutoka nyumbani amevaa koti, na chini yake ameficha sare ya ulinzi. Kicheko huzaliwa kila siri inapokaribia kufichuka.

Mtunzi ameona jambo la kweli. Mtu huyu haibi. Anakula jasho lake na kuilisha nyumba yake. Hata hivyo anaishi kwa kuyaogopa macho ya mke na jirani. Koti hilo si geni kwetu. Vijana wangapi wametoka Makete, Mufindi na Rungwe kwenda Dar es Salaam kulinda mageti na kutumika majumbani, na wakirudi Krismasi hawathubutu kuitaja kazi yao?

Lakini mchezo huu una kasoro mbili. Kwanza, unaishi kwa uongo uleule. Ukweli ukidumu, kichekesho kimekwisha. Kwa hiyo mhusika hana ruhusa ya kukua. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 13, anasema juu ya mtu mzima aliyeyaacha mambo ya kitoto. Papa hurudishwa kila mara kwenye koti lake. Pili, si wazi tunacheka nini. Uongo unastahili kuchekwa. Sare na lafudhi ya mtu wa magharibi mwa Kenya hazistahili, nasi tunaosikia Kihehe na Kinyakyusa vikiigizwa kwa dhihaka twajua uchungu wake.

Martin Luther, katika waraka wake wa mwaka 1520 kwa wakuu wa Ujerumani, aliwataja fundi viatu, mhunzi na mkulima kuwa wamewekwa wakfu sawasawa na makuhani, kila mmoja akiwatumikia wenzake kwa kazi yake. Zaburi ya 127 nayo inamtaja mlinzi anayekesha, na kuuweka mkesha wake chini ya ulinzi wa Bwana mwenyewe. Kwa mafundisho hayo, sare ya Papa haikuhitaji koti.

Je, Kanisa limemwambia hivyo? Katika ibada zetu mkurugenzi hutajwa kwa cheo na kuketishwa mbele, naye mlinzi aliyekesha nje ya jengo lilelile huingia katika "waumini wengine". Katekisimu Ndogo, katika Amri ya Nane, inatuagiza kumtetea jirani na kumnena vema. Tukikaa kimya juu ya kazi yake huku tukizisifu za wengine, sisi ndio tunaomshonea koti. Wanafunzi wanaojiandaa kwa utumishi na waanze na jambo dogo: katika Jumapili ya Mavuno, walinzi na watumishi wa majumbani watajwe kwa majina, pamoja na kazi zao, kabla ya mgeni rasmi.